Mshenga wa Darasa la Nne

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Ninayoyasema ni ya nchi yetu. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, la hasha, ila jina lenyewe liko kwenye kamati linaangaliwa upya. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara nyingi kuliko mito. Na katika nchi hiyo mwalimu na mzazi hawagombani kamwe, kwa sababu hawaruhusiwi kusemezana.

Mimi naitwa Shekue, mshenga wa serikali, daraja la pili, upande wa shule. Najua huko kwenu mshenga ni yule mtu mzima mwenye kofia safi anayetumwa kupeleka posa. Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo, mpaka kiti kiliporuka.

Zamani tulikuwa na mikutano ya wazazi kama watu wengine. Mwalimu anasimama anasema watoto wenu hawasomi. Mzazi anasimama anasema ninyi ndio hamfundishi. Mtoto amechungulia dirishani, anasema moyoni wote wawili waongo. Basi siku moja, katika shule moja ya mjini, maneno yakakolea, kiti cha plastiki kikaruka. Kingempata mwalimu mkuu kusingekuwa na kisa, walimu wakuu wamezoea. Kikamkosa. Kikaenda kuigonga picha ya Mtukufu Mlezi wa Wote pale ukutani, picha ikaanguka kifudifudi, na Mtukufu mwenyewe, huko huko ikulu, akaumia pua. Ndivyo daktari wake alivyotangaza redioni, na daktari yule hajawahi kusema uongo tangu ateuliwe.

Kikaitishwa kikao. Mtukufu, bandeji puani, akauliza, "Hivi nchi nzima hii hakuna mahali ambapo watu wa nyumba mbili, kila mmoja akiamini mwanawe ni dhahabu na wa mwenzake ni bati, wanakaa wakazungumza bila kurushiana viti?"

Mawaziri wakatazamana. Mmoja, aliyekuwa ametoka kumwozesha binti yake, akasema, "Kwenye posa, Mtukufu."

Sheria ikapita kabla chai haijapoa. Ikaitwa Sheria ya Staha ya Mawasiliano, nayo inasema hivi: neno lolote kati ya shule na nyumbani litapelekwa na mshenga, kwa sinia, kwa taratibu zote za posa, na jambo lenyewe halitatajwa kwa jina lake. Mtu mmoja akauliza, na mwanafunzi naye atapewa mshenga? Waziri wa Maelewano, Mheshimiwa Profesa Sombi, akajibu kwa maneno ambayo sasa yamechongwa kwenye geti la kila shule: "Mwanafunzi ndiye ujumbe wenyewe, na ujumbe hauhitaji mjumbe." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mpaka leo sijayaelewa maneno hayo, na ndivyo ninavyojua kwamba ni makubwa.

Watoto nao wakaonywa. Atakayechukua neno la shule akalipeleka nyumbani, au la nyumbani akalipeleka shule, huyo ni mmbeya kisheria. Getini aliwekwa askari wa kuwauliza wakati wa kutoka, "Umebeba neno?" Wakizoea kusema hapana kwa miaka mitatu minne, hawabebi tena.

Mimi nilisomea kazi hii chuoni, msidhani niliokotwa barazani. Tulifundishwa kukohoa kikohozi cha kubisha hodi na kikohozi cha kuaga. Tulifundishwa kukaa mkekani bila kukunja uso hata goti likiuma. Mtihani wa mwisho ulikuwa kumwarifu mtu kwamba nyumba yake inaungua, bila kutaja nyumba, wala moto, wala haraka. Mimi nilisema, "Jirani, naona leo kwenu kuna neema ya mwanga." Nikapewa alama zote. Jirani mwenyewe hakuelewa, lakini hilo halikuwa kosa la mtahiniwa.

Na sheria ikafanya kazi, msije mkasema haikufanya. Mwalimu mmoja alikanyaga msumari mbele ya nyumba ya mzazi. Mzazi alimwona, roho ikamuuma, akamtuma mshenga apeleke pole. Pole ikafika jeraha limeshapona, mwalimu kahama wilaya. Lakini ilifika kwa heshima, na halua juu.

Sasa mje kwenye kisa.

Katika shule yangu kulikuwa na mwalimu wa darasa la nne, jina lake Ngwali, mseja wa miaka arobaini, mpole, mashati yake mawili ameyanyoosha mpaka yanang'aa. Siku moja akaniita chini ya ngazi, akanong'ona, "Bwana Shekue, nina neno."

"Neno zuri au baya?"

"Yupo mtoto, Siwema. Ana akili yule mtoto! Ukimuuliza kwa mdomo anakujibu kabla hujamaliza. Lakini ninachoandika ubaoni hanakili hata mstari. Daftari jeupe. Nadhani haoni. Na mtihani wa taifa ni mwisho wa mwaka huu, na maswali yote yanaandikwa ubaoni. Akipata sifuri anaandikwa mzito, na akiandikwa mzito ndiyo basi, hasomi tena popote."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu mtoto akishaandikwa mzito hurudishwa nyumbani kwa gwaride dogo.

"Si umsogeze mbele?" nikasema.

"Madawati ya mbele ni ya wageni wa wizara, Bwana Shekue. Unajua mwenyewe."

Najua. Safu mbili za mbele katika kila darasa huachwa tupu, maana wageni wa wizara hawapigi hodi. Mtoto hasogezwi huko mpaka mzazi aombe kwa mshenga. Hospitali nayo haimpimi macho mtoto wa shule mpaka mwalimu wake na mzazi wake wakubaliane kwa mshenga. Kwa hiyo jambo lilikuwa rahisi kabisa. Mwalimu aseme, mzazi aitikie, basi.

"Niachie mimi," nikamwambia.

Mama yake Siwema aliitwa Mwatumu, mjane, fundi wa mapazia. Nikaenda kwake na sinia, juu yake tambuu na chupa ya marashi. Nikakohoa mlangoni. Akanipokea Bi Chausiku, mshenga wa upande wa nyumbani, mwanamke mkongwe katika kazi, midomo imefungwa kama mkoba wa bahili. Mwenyewe Mwatumu kakaa chumba cha pili nyuma ya pazia, kama sheria inavyotaka.

Tukajuliana hali. Tukajuliana hali za wajomba. Nikauliza mvua, akaniuliza jua. Pazia likatikisika, sauti ya Mwatumu ikatoka, "Jamani, mtoto kafanya nini huko shule?"

"Nyamaza wewe!" Bi Chausiku akamkaripia. "Bado hatujafika kwenye mtoto. Unataka mgeni atuone watu wa njaa?"

Tukanywa kahawa, nikaaga. Ziara ya kwanza haina neno. Hata mwehu anajua hilo.

Ziara ya pili nikaweka kofia sawa, nikasema, "Sisi tumeona ua katika bustani yenu, ila ua lenyewe halielekei jua."

Bi Chausiku akavuta ushungi. "Ua letu halina kilema, Bwana. Labda jua lenu ndilo haliwaki."

Hapo, wenzangu, nilikuwa nimewatukana bila kujua. Ikabidi niondoke, nirudi na kanga ya kuomba radhi. Kanga ya kwanza ikakataliwa kwa sababu maandishi yake yalikuwa na kishindo. Ya pili ikapokewa. Muhula ukaisha hapo. Mwalimu Ngwali kila akiniona ananishika mkono, "Vipi? Umewaambia?"

"Tumeshafika kwenye radhi," namwambia. "Kuna wenzetu bado wako kwenye mvua."

Ziara iliyofuata ndiyo iliyogeuza mambo. Baada ya radhi, kwa desturi, upande wa mwanamke huuliza maswali. Bi Chausiku akauliza. Huyo mwalimu wenu ana tabia gani? Nikasema mpole. Anakunywa? Nikasema maji. Ana nyumba? Nikasema ana chumba na ukumbi na baiskeli. Ana mke? Nikasema hana, na nikasikia nyuma ya pazia cherehani imesimama.

Nami nikauliza ya upande wangu, kwani ningenyamaza ningeonekana nimedharau. Huyo mama ana subira? Anapika? Marehemu aliondoka wakiwa salama? Nikajibiwa vizuri kabisa. Tukaingia kwenye ada ya kilemba cha mjomba, tukaingia kwenye ada ya mkaja wa bibi, tukaingia kwenye udi. Mpo? Posa ni mteremko. Ukishaanza kushuka miguu inakwenda yenyewe. Niliona, ndiyo, niliona kwamba tunaelekea siko. Na Bi Chausiku aliona, nilimtazama jicho likamcheza. Lakini ningesimama vipi? Kusimama kungenilazimu niseme, "Bibi, mimi nimekuja kwa habari ya macho ya mtoto," yaani nilitaje jambo kwa jina lake mbele ya watu, na mshenga akishafika hapo ana tofauti gani na mpiga debe? Nikasema, "Na sare je, mtapenda rangi gani?"

Siku ile ile nikamwendea mwalimu darasani. Nikakohoa.

"Umewaambia?"

"Wamekubali," nikasema.

Akaruka kwa furaha. "Alhamdulillah! Amekubali mtoto apimwe!"

"Amekubali kuolewa."

Akakaa juu ya dawati la wageni, kosa ambalo mtu angeweza kufukuzwa kazi. "Nani kaolewa? Nani kamposa?"

"Wewe."

"Shekue, una wazimu? Nilikwambia mtoto haoni! Maneno mawili! Mtoto. Haoni. Miezi yote hii umeshindwa kuyafikisha maneno mawili?"

Nikamsamehe, maana bwana harusi kwa kawaida hubabaika. Nikamweleza kwamba posa iliyokubaliwa na serikali hairudi. Kisha akaniuliza, sauti imeshuka, "Nikimwoa, nitaruhusiwa kusema naye?"

Nikatafakari. "Sheria bado haijamkataza mume kumsemesha mkewe. Wizara inalifikiria."

"Bila wewe kuwepo?"

"Bila mimi."

"Basi naoa," akasema. "Naoa kesho ikiwezekana."

Bi Chausiku baadaye alinieleza yaliyotokea upande wake. Mwatumu alipoambiwa amechumbiwa alitupa mkasi ukutani. "Mimi nimekutuma ukaombe mtoto wangu akalishwe mbele! Mtoto anasogeza sindano mpaka puani ndiyo aione, nikakutuma ukamwambie mwalimu, unaniletea mume?" Akalia, akafuta machozi kwa kipande cha pazia la mteja. Halafu naye akauliza lile lile. Nikiolewa naye, nitaweza kumwambia mwenyewe? Akaambiwa ndiyo. Akasema, leteni hiyo rangi ya sare.

Habari ilifika wizarani, na huko ilipokewa kwa vigelegele. Fikirini, tangu sheria itungwe hakuna mazungumzo hata mamoja kati ya shule na nyumbani yaliyowahi kufika mwisho. Yetu ndiyo ya kwanza. Profesa Sombi akatangaza kwamba harusi itakuwa ya kitaifa, itafanyika uwanja wa shule, naye atahutubia. Siku ikapangwa na kuahirishwa, ikapangwa na kuahirishwa, kwa sababu waziri alikuwa safarini kujifunza mawasiliano. Mwishowe ikaangukia mkesha wa mtihani wa taifa. Mwalimu Ngwali alikonda. Alikuwa anapita nje ya nyumba ya Mwatumu kwa baiskeli, anapiga kengele tu, maana kengele sheria haikuitaja. Mwatumu ndani anajibu kwa cherehani. Watu wakasema tazameni mapenzi. Mimi nadhani walikuwa wanagombezana.

Alasiri ya harusi uwanja ulijaa. Pilau lilitoka kwa matangi. Waziri akapanda jukwaani na joho lake la uprofesa, akafungua hotuba.

"Ndugu wananchi! Leo shule imeoa nyumbani! Wapo wasemao kwamba mwalimu na mzazi wanapaswa kuzungumza. Nauliza, kuhusu nini? Mawasiliano bora ni yale ambayo hayajachafuliwa na habari!"

Tukapiga makofi. Akaendelea. Ndoa yenyewe ilifungwa katikati ya hotuba, pembeni kidogo, na mfungishaji wa serikali aliyekuwa ananong'ona asije akamkatiza mheshimiwa. Mwalimu Ngwali akasema nimekubali. Na neno lililofuata kinywani mwake, kabla hata hajaushika mkono wa bibi harusi, lilikuwa hili: "Mtoto haoni ubaoni."

"Najua!" Mwatumu akasema, kwa sauti iliyowageuza watu wa safu tatu. "Ndivyo nilivyokutumia! Tangu msimu wa kusi! Nikakutumia umsogeze mbele!"

"Na mimi ndivyo nilivyokutumia! Tangu kusi!"

Wakatazamana. Nilidhani watacheka. Mwalimu alishika kilemba chake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kichwa kisipasuke, na Mwatumu akaanza kulia, wanja wote ukamtiririkia usoni. Nami nikaona aibu, sijui ya nini, nikasogeza sinia upande wa pili.

"Twende kesho asubuhi hospitali," Mwatumu akasema.

"Kesho asubuhi ni mtihani."

"Basi mkalishe mbele."

Lakini waziri, ambaye masikio yake yanasikia jambo lolote lisilo hotuba yake, alikuwa amenyamaza. Akatabasamu kwa upole wa serikali. "Bwana harusi, hongera. Tangu dakika hii wewe ni mzazi. Na mzazi, kama ujuavyo, hasemi na mwalimu ila kwa mshenga. Ukitaka kujiomba umsogeze mtoto, Bwana Shekue yupo."

Nikainuka kwa heshima. Nilikuwa tayari. Ningeanza ziara ya kwanza siku ile ile, nimkute Mwalimu Ngwali kwa niaba ya Baba Ngwali, nimjulie hali, nimuulize mvua.

Hapo ndipo likatendeka jambo ambalo chuoni hatukulisoma. Mwalimu aliangaza macho uwanjani, akamwona Siwema. Alikuwa amekaa peke yake karibu na masufuria, kavaa gauni la sare, anamenya chungwa karibu kabisa na pua. Mwalimu akamfuata, akachuchumaa mbele yake, mbele ya taifa zima, akamuuliza yeye mwenyewe. Mtoto! Bila sinia wala kikohozi!

"Siwema mwanangu, mbona hukuniambia kama huoni ubaoni?"

Siwema akaacha chungwa. "Ubao upi?"

Mwalimu akanyoosha kidole kuelekea darasa la nne.

"Ule wa darasani. Mbele. Ninaoandikia kila siku."

Mtoto akafikiri. Akatazama kule mbele, kama watu wanavyotazama mahali ambapo hawaoni kitu. "Mimi sijui kama kuna ubao," akasema. "Najua ukishatusalimia unatupa mgongo. Halafu wenzangu wananyamaza, wanainama. Nikajua tumekuudhi. Basi na mimi nainama, mpaka utusamehe."

Waziri akaomba tumpigie makofi mtoto kwa ushirikiano wake. Baadhi ya watu wakapiga. Mimi nilitaka kupiga, mikono ikakataa. Nikatafuta neno la kumwambia yule mtoto, neno moja tu la kueleweka, nikalikosa. Mwanamume mzima, mshenga wa daraja la pili!

Mwalimu hakumjibu waziri. Alimshika Siwema mkono, Mwatumu akamshika mwingine, wakakata uwanja hivyo hivyo na nguo zao za harusi mpaka darasa la nne. Waziri akanipigia ukelele, "Mshenga! Wafuate! Sikiliza wanasema nini!" Nikawafuata na sinia langu, nikasimama mlangoni. Sikukohoa.

Mwalimu alikuwa amesukuma madawati ya wageni, amempeleka mtoto mpaka ukutani, pua yake inakaribia kugusa ubao. Siwema akapitisha kidole juu ya maandishi ya siku ile, taratibu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kidole kikatoka cheupe.

"Hapa ndipo ulipokuwa unaandika?"

"Hapa."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kumbe hukutukasirikia."

"Hapana, mwanangu," akasema Mwalimu Ngwali. "Hata siku moja."

Nje waziri alikuwa amerudi kwenye hotuba, tukisikia neno maelewano linakuja na kurudi. Siwema akachukua kifutio. Akafuta ubao wote, kwanza chini, kisha juu mpaka alipofika, mama yake akamalizia pale mkono wake ulipogota.

"Basi andika tena," akasema. "Yote uliyoandika. Nami nitausogelea hapa hapa."

Mtihani ulikuwa kesho asubuhi. Mwalimu akavua kilemba cha harusi, akakiweka juu ya dawati la wizara, akachukua chaki, akaandika herufi ya kwanza, a.